Mwamba Ngoma na Daftari la Wote

Siku hizi twasikia sifa moja ikirudiwa kila mahali: biashara yataka habari za saa ileile. Mwenye maduka matano asingoje mwisho wa mwezi ndipo ajue kilichouzwa. Daftari zote ziunganishwe ziwe moja, na kila kinachoingia au kutoka kionekane papo hapo. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini liko swali ambalo halisemwi sana: daftari la wote likiwa mikononi mwa mmoja, yule mmoja ana deni gani kwa wengine?

Tusijibu kwa maneno matupu. Tutazame kisa kimoja cha Marekani, ambako kazi hii ilianza mapema.

Karibu na mwaka 1950, kampuni ya ndege American Airlines iliandika nafasi za abiria kwa mkono. Kila safari ilikuwa na kadi yake, na makarani walitia alama katika kadi kila kiti kilipouzwa. Kumwandikisha abiria mmoja kuliweza kuchukua saa moja na nusu. Habari za mji mmoja zilichelewa kufika mji mwingine. Kumbe kiti kimoja kiliweza kuuzwa mara mbili, au ndege ikaruka na viti vitupu, na huku nyuma kuna watu walioambiwa kwamba nafasi zimekwisha.

Mwaka 1953 mkuu wa kampuni hiyo, C. R. Smith, alikaa ndani ya ndege karibu na mtu wa kampuni ya IBM, naye pia akiitwa Smith. Mazungumzo yao yakazaa kazi kubwa. Kufikia mwaka 1964 kompyuta mbili za IBM, zilizowekwa Briarcliff Manor karibu na New York, zilikuwa zimeunganishwa kwa njia ya simu na makarani wa miji mingi. Mtambo huo uliitwa Sabre. Karani alibonyeza vitufe, akapata jibu kwa nukta chache. Jina la abiria na kiti chake vikakaa mahali pamoja, mbele ya macho ya wote waliohusika. Kampuni ikageuka, na abiria naye akapata faida. Mpaka hapa hatuoni lawama.

Tuendelee. Tangu mwaka 1976 Sabre iliwekwa pia katika biro za mawakala wanaowauzia watu safari. Mwaka 1978 serikali ya Marekani ikaziachia kampuni za ndege uhuru wa kuchagua njia zao na kupanga bei zao. Bei zikabadilika mara kwa mara, hata vitabu vya bei vilivyopigwa chapa vikachakaa upesi. Wakala akawa hana budi kutegemea kioo cha Sabre. Na katika kioo kile zilionekana safari za kampuni nyingi, si za American Airlines peke yake.

Lakini zilipangwaje? Safari za mwenye mtambo ziliwekwa mahali pazuri, juu. Za wengine zilifuata chini, au katika ukurasa wa pili au wa tatu. Wakala ana mteja anayengoja mbele yake. Atafungua kurasa ngapi? Mara nyingi alichagua katika ule wa kwanza. Kampuni nyingine zikalalamika kwamba zinanyimwa abiria.

Twaomba msomaji apime vema jambo hili. Kiooni hapakuwa na haja ya uongo. Saa za safari ziliweza kuwa za kweli, bei za kweli, majina ya kweli. Mpango wa mistari peke yake ulitosha kumpeleka mtu upande mmoja.

Mwaka 1983 mkuu wa American Airlines, Robert Crandall, alisimama mbele ya Bunge la Marekani. Hakuficha neno. Alieleza kwamba kupata mahali pazuri kwa safari zao wenyewe ndiyo sababu iliyowafanya waujenge mtambo huo. Hoja yake yaeleweka: sisi tumetoa fedha, sisi tumefanya kazi, kwa nini tusipate faida? Wazee wetu walilijua jambo hili zamani waliposema: mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Lakini hawakusema hivyo ili kumsifu mwamba ngoma. Walitaja tabia ya watu ili tuichunge.

Basi, hoja hiyo yatosha? Sisi twaona haitoshi. Mizani ya dukani ni mali ya mwenye duka, aliinunua kwa fedha zake. Hata hivyo hana ruhusa ya kuichezea, kwa maana mnunuzi anaiamini. Mtu atajibu: mizani mbovu husema uongo, lakini orodha ile ilisema kweli. Haya, fikirini mgeni anayekuuliza njia ya kwenda mjini. Ziko njia tatu. Wewe wamtajia kwanza ile ndefu inayopita mbele ya duka lako, wajua ana haraka na hatangoja kusikia nyingine. Kila neno lako ni kweli, naye ameondoka amedanganyika. Udanganyifu haupimwi kwa maneno peke yake. Hupimwa kwa lile tunalotaka mwenzetu aamini.

Na upesi huzidisha deni hilo. Anayetuondolea taabu ya kutafuta, atuondolea pia nafasi ya kugundua tulichofichwa.

Mjenzi ana haki ya ujira wake. Basi na audai waziwazi. Mwenye kujenga daraja aweza kutoza ushuru kwa wote wanaovuka. Asiwaelekeze watu mtoni ili ng'ambo wauziwe nguo kavu dukani mwake. Serikali ya Marekani iliona hivyo: mwaka 1984 ilikataza kupanga safari kwa kufuata jina la kampuni, na amri hizo zilidumu hadi mwaka 2004. American Airlines na Sabre zenyewe ziliachana mwaka 2000.

Leo vioo vya namna hiyo vimo mifukoni mwetu. Twatafuta bidhaa katika simu, na orodha hutokea kabla hatujapumua. Kwa hiyo wewe unayeunganisha daftari za wengi, waambie watu umepanga kwa kanuni gani. Wewe karani unayeamriwa kupinda mpango, ujue kwamba mkono wako umo. Na sisi wanunuzi tujizoeze kufungua ukurasa wa pili.