Shingo ya Mama na Siku Thelathini

Kwetu, gari likigonga gari, swali la kwanza barabarani ni nani mwenye makosa. Askari wa trafiki anapima, mashahidi wanabishana, na majeruhi anayetaka fidia kwenye bima ya mtu wa tatu anajua hapati kitu mpaka kosa limwangukie mtu. Jimbo la New York, kule Marekani, lilibadili mpangilio huo tangu tarehe 1 Februari 1974. Abiria aliyeumia hutibiwa kwa bima ya gari alilopanda, dereva wake awe amekosa au hakukosa. Kiwango cha msingi ni dola 50,000. Asiyeweza kwenda kazini hulipwa asilimia 80 ya mshahara, malipo yasizidi dola 2,000 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miaka 3. Mgonjwa atibiwe kwanza, ubishi uje baadaye.

Ni sheria ya utu, nami naitetea. Lakini imewalaza usingizi wengi, mawakili wakiwemo. Wakisikia bima haitazami kosa, wanadhani haitazami hata kalenda.

Wahusika wa kisa kinachofuata nimewatunga. Siku zilizowekwa na sheria, viwango, na kesi za mahakamani ninazozitaja kwa jina ni za kweli.

Mama mmoja wa Goma, aliyehamia Buffalo na kupata kazi ya kufua mashuka hotelini, alikuwa amepanda gari la shemeji yake. Wamesimama kwenye taa nyekundu, wakagongwa kwa nyuma. Shingo ilikaza, vidole vya mkono wa kushoto vikawa vinakufa ganzi usiku. Siku ya 9 mpwa wake alimpeleka kwa wakili.

Wakili hakuwa mvivu. Siku hiyohiyo aliiandikia bima ya yule aliyewagonga, akidai fidia ya maumivu. Gari limesimama, limegongwa kwa nyuma: aliiona kesi kama amekwisha kuishinda. Mezani ikabaki fomu moja ya kuiomba bima ya shemeji ilipe matibabu. Mama alipoambiwa jina la shemeji lazima liandikwe humo, alirudisha kalamu.

"Ametubeba bure, kisha nimshitaki? Hapana, mwanangu. Nitamtazamaje dada yangu?"

Mpwa akatafsiri. Wakili akasema sawa, hilo tutalirudia.

Naumia nikifika hapa, maana dakika tano zingetosha. Kujaza fomu ile si kumshitaki shemeji. Ni kuomba kile ambacho shemeji amekuwa akikilipia. Mteja asiyeelezwa hivyo atakataa kwa heshima, na wakili ataiona heshima ile kama ukaidi. Siku ya kwanza alipaswa kuuliza: ulipanda gari la nani, lina bima gani, na je, ulikuwa kazini? Ajali ya kazini huanzia kwenye bima ya wafanyakazi. Kisha taarifa ya maandishi iondoke kabla jua halijatua, na risiti ya posta ikae ndani ya jalada. Siku ni 30 tangu ajali. Kliniki nayo ina siku 45 tangu kila tiba kupeleka hati yake ya malipo. Anayedai mshahara ana siku 90. Kampuni ya bima pia imefungwa: ikishapata uthibitisho kamili ina siku 30 za kulipa au kukataa, na deni lililochelewa huzaa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Wakili anayeishika kalenda hii ana silaha. Huyu aliiacha mezani.

Taarifa ya mama ilifika siku ya 41. Kampuni ikakataa. Barua yenyewe ilisema kuchelewa huweza kusamehewa kwa sababu ya maana iliyoandikwa. Huenda sababu ya mama isingekubaliwa, lakini haikuandikwa kabisa. Barua iliingia jaladani, macho ya wakili yakiwa kwenye kesi kubwa, ile ya fidia ya maumivu.

Kliniki, ilipoona bima hailipi, ilimgeukia mama mwenyewe. Mwezi wa tatu aliacha mazoezi ya viungo. Akawa anajichua shingo kwa mafuta ya moto usiku, asubuhi anainua mashuka yaliyolowa.

Kesi kubwa ilikuwa ikimsubiri hapo. New York hairuhusu kudai fidia ya maumivu mpaka jeraha liwe kubwa kwa maana ya sheria, kwa mfano kuvunjika mfupa, kiungo kupungukiwa sana na kazi yake, au kushindwa karibu shughuli zako zote za kawaida kwa siku 90 kati ya 180 za mwanzo. Shingo isiyovunjika inahitaji vipimo vya daktari vinavyofuatana. Mwaka 2005, katika kesi ya Pommells v. Perez, mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilisema anayekatisha matibabu lazima aeleze sababu ya maana. Mwaka 2013, katika Ramkumar v. Grand Style Transportation, mahakama hiyohiyo ilikubali maelezo ya mtu aliyesema aliacha kwa sababu bima ilikata malipo. Maneno machache tu. Mama alikuwa nayo, tena ya kweli.

Siku ya kuhojiwa kwa kiapo, wakili wa upande wa pili aliuliza kwa upole: shingo inaendeleaje?

"Nzuri, namshukuru Mungu."

Na kwa nini uliacha kwenda kliniki?

"Nilipata nafuu kidogo."

Kila mzungumzaji wa Kiswahili anaelewa kilichotokea. Mgonjwa wetu akiulizwa hali, hata akiwa kitandani, hujibu sijambo kwanza. Maumivu huyasema akiulizwa mara ya pili, na mtu aliyemzoea. Mkalimani alitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Wakili wa mama, aliyekuwa ameketi kando yake, hakuwa amemwandaa, na hakuuliza lile swali la pili. Zamu yake ilipofika, alifunga jalada.

Kesi ilitupwa kwa makaratasi tu, bila baraza la wazee wa mahakama kumwona. Mpwa alimsomea uamuzi ukumbini, polepole, akirudia pale alipokwama. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mfuko wa plastiki wenye barua za kliniki mapajani.

"Kwa hiyo yule aliyetugonga hana kosa?"

"Kosa ni lake, mama mdogo. Hilo hata mwenyewe hakulikana."

Alitikisa kichwa kidogo, kwa upande mmoja tu, upande ambao shingo ilikubali.