Kukaa mbali na watu: ni wito au ni kukimbia?



Ndugu mmoja wa parokia yetu hapa Kisangani alikuja kwa wazee na swali. Mjomba wake amempa udongo upande wa juu ya Ubundu, kuelekea Lowa, mahali ambapo nyumba ni chache na mtu anatembea tangu asubuhi hata saa sita kabla ya kufika kijiji kinachofuata. Hapa mjini analipa nyumba kila mwezi, kazi haipatikani, na mtoto wake wa sekondari amefukuzwa mara mbili kwa sababu ya feza za masomo. Yeye anasema: «Twende, Mungu ametufungulia mlango.» Bibi yake anasema: «Mimi siendi kuzika mtoto porini.» Wote wawili ni watu wa sala. Wote wawili wanasema wamemwomba Mungu. Basi ni nani aliyesikia vizuri?

Hatukuwajibu siku ile. Na kwa kuwa jamaa nyingine zinauliza swali lile lile, tumeona vema kuliandika hapa ili tulifikiri pamoja.

Tuanze kwa kusema kweli. Jimbo letu la Tshopo ni kubwa kupita majimbo yote 26 ya Kongo: ni karibu kilomita za mraba 200,000, na sehemu kubwa ni msitu. Reli ya kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu, iliyojengwa ili kuepuka maporomoko ya mto, imekaa miaka na miaka bila treni ya kutegemea. Kutoka Ubundu kupanda mto ni kwa mtumbwi au kwa balenyeri, nayo balenyeri inangojea abiria na mafuta. Mama akishikwa na uchungu usiku, hakuna gari la kumchukua. Mtu asituambie kwamba imani inafupisha njia. Njia inabaki ndefu vilevile.

Kati yetu kuna sauti mbili. Wamoja wanasema: «Mji ni Sodoma. Ulevi, wizi na uzinzi viko mjini. Mwenye kutaka kuokoa watoto wake awapeleke porini.» Wengine wanasema: «Pori ni azabu. Tangu zamani, mtu aliyehukumiwa ndiye aliyetupwa huko. Mkristo hana ruhusa ya kujihukumu mwenyewe.» Sauti hizi mbili tuzipime kwa habari za Kanisa letu wenyewe.

Mwaka 1918 Papa Simon Kimbangu aliitwa na Bwana, naye akaogopa wito. Je, alikimbilia wapi? Hakukimbilia msituni. Alikimbilia mji mkubwa, Léopoldville, kutafuta kazi. Huko hakupata kutulia, akarudi kwao Nkamba. Na tarehe 6 Aprili 1921 kazi ya Bwana ilianza katika kijiji kidogo cha Ngombe-Kinsuka. Ni kusema, mtu anaweza kumkimbia Mungu katikati ya makundi ya watu, na Mungu anaweza kumtuma mtu mahali ambapo wakubwa wa dunia hawakujua hata jina lake.

Tena tukumbuke yaliyofuata. Tarehe 3 Oktoba 1921 Nabii alihukumiwa kufa. Hukumu ile ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo. Alikaa gerezani miaka 30, akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951. Waaminifu nao walihamishwa kwa nguvu: hesabu inayotajwa katika Kanisa ni jamaa 37,000. Walitupwa mbali na kwao, wengine Oshwe, wengine Ekafera, wengine Lowa, kule kule ndugu yetu anakotaka kwenda leo. Bulamatari alifikiri kwamba kuni zikitawanywa moto utazimika. Kumbe alikuwa anaupeleka moto mahali ambapo haujafika.

Tazameni vizuri, ndugu. Elisabethville ulikuwa mji wa migodi, wenye watu wengi na kelele nyingi, na humo Nabii alikuwa mpweke kupita wote. Lowa palikuwa msitu, lakini humo waaminifu walikuwa na ndugu wa kusali naye na kulia naye. Basi upweke haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa swali hili: nikianguka, ni nani atakayeniinua? Na jirani yangu akianguka, je, mimi niko karibu naye?

Lakini hapa tuwe na akili. Wale walioteswa hawakuchagua. Walikamatwa na kupelekwa. Wababa wamoja wanapenda kutaja mateso ya wazee wetu ili kuwafunga midomo bibi zao: «Wao walivumilia, wewe ni nani?» Tunasema waziwazi: mwanaume anayemchukua bibi yake msituni kwa nguvu hafuati mfano wa waliohamishwa. Anafuata mfano wa Bulamatari, hata kama njiani anaimba nyimbo za Kanisa.

Tunasema hivi kwa huzuni, kwa sababu sisi wenyewe tulikosea. Miaka iliyopita jamaa moja ya parokia yetu ilihama vivyo hivyo. Tulifurahi sana. Tuliomba, tukawabariki, tukawasindikiza kwa nyimbo mpaka ukingo wa mto. Hakuna mzee hata mmoja aliyeuliza dispansere iko umbali gani. Hakuna aliyemwuliza mama kama ana mimba. Miezi michache nyuma, uchungu ulimshika. Walipiga kasia siku moja na nusu, na mtoto akafa kabla ya kufika. Mama aliporudi mjini alisimama mbele yetu akasema: «Siku ile mlituombea. Mbona hamkutuuliza?» Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna. Sala ambayo haitaki kujua habari za mtu unayemwombea ni sala ya mvivu.

Kwa hiyo, mtu akija na swali hili, tunalipima kwa maneno matatu ambayo kila mtoto wa Kanisa letu anayajua: Upendo, Amri na Kazi.

Kwanza, Upendo. Unakwenda kwa ajili ya nani? Abrahamu na Lutu walipoachana, Lutu aliinua macho akaona bonde lenye maji, akajichagulia. Hakuuliza habari za watu watakaokuwa majirani zake. Mtu anayehamia mahali kwa sababu tu amechoka na watu, atawakuta watu hata huko, naye atachoka nao haraka zaidi, kwa sababu ni wachache. Mahali penye nyumba tano, ukigombana na mbili, umebaki na tatu. Na upendo unaanza nyumbani: kama bibi hajakubali kwa moyo wake, safari haijaiva. Woga wake usiitwe kukosa imani. Labda ni kwa mdomo wake Mungu anauliza lile ambalo wazee walisahau kuuliza.

Pili, Amri. Pori si tupu. Tunasema «hakuna watu» kwa sababu hatuwaoni barabarani, lakini msitu ule una wenyewe: Walengola, Wamituku na wengine, wenye makaburi ya wazee wao, mahali pao pa kuwinda na pa kuvua samaki. Sheria ya 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Hata hivyo, kijijini hakuna anayelima kwa amani bila kuonana na chifu na wenye udongo. Mjomba anaweza kukupa shamba. Je, wengine wa jamaa wamekubali? Tena, usihame ili kukimbia deni. Deni halizami mtoni. Lipa kwanza, au patana na mwenye feza mbele ya mashahidi, ndipo uende.

Tatu, Kazi. Mikono yako inajua nini? Muhogo unahitaji karibu mwaka mzima kabla ya kung'olewa. Mpunga unataka miezi mine au mitano. Katika miezi ile mtakula nini? Chumvi, sabuni na dawa ya malaria zitatoka wapi? Watoto watasoma wapi, na nani atawafundisha ikiwa mwalimu hayuko? Eliya alipokaa peke yake penye kijito, Mungu alimlisha, ni kweli. Lakini kijito kilipokauka, Mungu hakumwambia abaki pale ili aonyeshe imani yake. Alimtuma kwa mjane, ni kusema kwa mtu. Kuondoka kwa wakati wake nako ni utii.

Na sisi tunaobaki mjini, tusidhani swali hili halituhusu. Parokia inayobariki safari imeweka sahihi kwenye deni. Ikiwa tunamtuma ndugu, tujue ni nani atakayemtembelea, lini, na kwa feza za nani. Tujue mama mwenye mimba atapokelewa katika nyumba gani ya mjini mwezi mmoja kabla ya kuzaa. Tujue mtoto wa sekondari atalala kwa nani. Parokia isiyoweza kujibu haya, isiimbe ukingoni mwa mto.

Baada ya majuma matatu tuliwaita tena ndugu yule na bibi yake. Tulimsikiliza mama kwanza. Tumepatana hivi: baba ataondoka pamoja na mdogo wake wakati mvua inapopungua, kati ya Desemba na Februari. Ataonana na chifu, atalima, atapanda, atajenga nyumba, naye atahesabu kwa miguu yake mwenyewe saa ngapi zinahitajika kufika kwa muganga. Mama na watoto wanabaki hapa, na parokia inasaidia feza za masomo. Baba akirudi, atasema yote aliyoyaona, mazuri na mabaya, mbele ya bibi yake na mbele ya wazee. Ndipo mama atajibu, na jibu lake tutalipokea, likiwa ndiyo au likiwa hapana.

Hatujui atasema nini. Tunawaomba ninyi nyote muwakumbuke katika sala. Na mkiisha kusali, mwende kwao mkawaulize wanahitaji nini.

Bwana awabariki. Amina.