Wa Nne Nyuma ya Nani?
Kijana wa Kiptere akimaliza wa nne kwenye majaribio ya Kenya hubaki nyumbani, kwani Olimpiki haipokei zaidi ya watatu wa nchi moja katika mbio moja. Lakini wa nne nyuma ya nani? Athens 2004, Wakenya walizoa medali zote tatu za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kumpima mtu kwa nafasi bila kutazama wapinzani wake ni dhuluma. Nitajibiwa kwamba Olimpiki ni ya mataifa yote. Sawa, ila hiyo ni hoja ya mgao, si ya ustahili. Nao mfumo wa viwango wa World Athletics, shirikisho la riadha duniani, ambao pia ni njia ya kufuzu Olimpiki, hutoa alama nyingi zaidi kwenye mashindano makubwa, mengi yakiwa ya mwaliko: asiye na wakala atazichuma wapi?