Nyasi ya Msimu Mmoja

Mvua za Dodoma zikishaanza, kwa kawaida Desemba, tazameni kingo za njia za vumbi kuelekea Hombolo. Miongoni mwa majani yanayochipua ipo nyasi moja ambayo wengi wetu tunaikanyaga bila kuijua. Shina lake hutambaa, na vifundo vinavyogusa udongo huota mizizi. Juu husimama vidole vifupi, mara nyingi vinne au vitano, vimetanuka kama unyayo wa ndege. Sogeza kidole kimoja karibu na jicho: punje zimebanana upande mmoja, na ncha imechongoka bila punje yoyote. Wataalamu huiita Dactyloctenium aegyptium, kwa kuitaja Misri. Linnaeus aliiandika kitabuni mwaka 1753. Imeenea Afrika na Asia ya joto, ikafika hadi Amerika. Ni jamaa ya ulezi, na miaka ya njaa watu wamekula punje zake.

Umri wake ni msimu mmoja tu. Mvua zikikatika hukauka mpaka mizizi, zikabaki mbegu. Katika shamba lenye rutuba huweza kufika magotini. Kwenye njia ngumu ya ng'ombe huchanua ikiwa na kimo cha kidole, na bado huzaa. Haisubiri iwe kubwa kwanza.

Mkulima wa uwele ana haki ya kuing'oa. Palizi ni palizi. Lakini penye ardhi tupu ndizo nyasi za namna hii zinazotangulia kuufunika udongo usichukuliwe na maji. Watu wa wilaya ya Kondoa wanajua uchungu wa ardhi kuachwa uchi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye vilima vilivyoliwa na makorongo. Kwa wafugaji lilikuwa pigo zito, tusilipuuze. Hata hivyo majani yalirudi.

Yesu alipofundisha juu ya wasiwasi, katika Mathayo sura ya 6, alichagua majani ya kondeni, akijua vizuri ufupi wa maisha yao, akasema Mungu ndiye anayeyavika. Hakungoja kutaja mti wa miaka mia.

Nayasema haya kwa sababu mji wetu umejaa wageni: watumishi waliohamishwa, wanafunzi wa vyuo, vijana wa ujenzi. Wengi huniambia, "Mchungaji, nitatumika nikishatulia." Na wenyeji nao husita kumkabidhi mgeni kazi, wakihofu ataondoka mwakani. Acheni ahamishwe mwakani! Mwaka huu yupo, na mtoto aliyefundishwa naye kusoma Biblia hasahau kusoma mwalimu akiondoka.

Basi wewe uliyefika juzi na hujui utakaa mpaka lini, njoo kwenye jumuiya ya mtaa wako wiki hii. Yupo mgonjwa wa kutembelewa, na kwaya inahitaji sauti ya pili.