Watumishi wa Naamani

Katika 2 Wafalme 5, Naamani alitarajia jambo kubwa. Elisha akamtumia ujumbe tu: kaoge Yordani mara 7. Jemadari akaondoka na hasira. Waliomrudisha ni watumishi wake, waliomwita baba na kumsihi.

Nawakumbuka hao kila mtu anapoleta madhabahuni karatasi ya kliniki: sukari imepanda, lakini bado si kisukari. Tutaomba, amina. Lakini Jumatatu nani atatembea na wewe? Marekani, utafiti uliotolewa 2002 ulihusu watu zaidi ya 3,000 wa hali hiyo. Kundi moja lilipewa washauri wa kufuatana nao: wapunguze uzani asilimia 7, watembee dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kisukari ilishuka kwa asilimia 58 kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliomeza metformin, 31. Mimi nilisomea biashara. Hesabu kama hiyo siipiti. (Na hii chai yetu ya ushirika, vijiko vinne vya sukari, wamama tutaongea!)

Kila ushirika wa nyumbani uchague wawili wa kufuatana na mgonjwa. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tunatoka getini. Vaeni raba.