Kibaba ni cha Nani?

Bibi yangu mzaa mama, kijijini kwetu upande wa Pangani, sikuwahi kumwona akikaa mikono mitupu. Ameteleka maharage, pembeni ana chane zake anasuka ukili. Anasubiri maji yatoke ateremke pwani, anasuka. Mgeni akipiga hodi atamkaribisha, atamtandikia jamvi, watajuliana hali mpaka habari za mbuzi, kisha vidole vitaurudia ukili na mazungumzo hayatapungua utamu. Hakuwa na saa aliyoitenga kuwa saa ya kusuka. Alisuka kwenye mianya, baina ya kazi na kazi, na ule ukili ukazidi kujiviringa nyuma ya mlango kama gurudumu. Miezi ikipita, siku moja atatoa shazia, ataanza kushona, na mkeka mpya utatandikwa.

Tukimshangaa alisema, “Haba na haba,” akatuachia sisi watoto tumalizie: “hujaza kibaba.”

Nani kati yetu hakuiandikia insha methali hii shuleni? Mwalimu alitufundisha kwamba kidogo kikiongezwa juu ya kidogo huwa kingi, nasi tukaandika habari za mtu aliyeweka senti kwenye kopo mpaka akanunua baiskeli. Hatukukosea. Lakini nimekuja kuona kwamba tulisoma nusu ya methali, ile nusu ya haba, tukaipita ile ya kibaba mbio mbio kana kwamba imewekwa kwa ajili ya vina tu.

Kibaba ni kipimo. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Pishi bado tunaisikia kila Ramadhani inapokaribia kwisha na watu wanapima zaka ya fitri, ila kibaba wengi wetu tunakisikia ndani ya methali tu. Zamani kilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Posho ya mpagazi katika misafara ya karne ya 19 ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku. Kwa hiyo aliyetunga methali hii hakuwa akizungumzia utajiri. Alizungumzia chakula cha siku moja cha mtu mmoja, chombo chenye ukingo, ambacho kikijaa mtu hula akalala. Nadhani ndiyo maana bibi aliipenda, kwa kuwa hakuwa na haja ya ghala.

Sasa litazame lile neno la katikati, hujaza. Kiambishi hu- hakina nafsi na hakina wakati. Hakisemi ni mimi ninayejaza, wala wewe, wala wale. Hakisemi jana wala kesho. Ni uzuri mkubwa wa methali za Kiswahili kwamba zinaweza kusema jambo likawa la kila mtu na la siku zote kwa silabi moja. Lakini katika uzuri huo kuna pengo, na humo ndimo ninamotaka kuingia. Haba ni za nani? Kibaba ni cha nani? Nani amekitengeneza, na chini hakina tundu? Methali imenyamaza. Bibi hakuhitaji kuuliza kwa sababu nyumbani kwake majibu yote yalikuwa mamoja: mianya ni yake, ukili ni wake, mkeka ni wake.

Huo mwanya wa bibi nauthamini kuliko mali nyingi. Kiswahili kinasema “sina nafasi” kwa mtu asiye na wakati, kama vile wakati ni chumba, na aliyekosa wakati amekosa pa kukaa. Dereva wa bodaboda anayesoma kitabu kijiweni akingoja abiria, mama anayefuma vitambaa nyuma ya meza ya nyanya, mwanafunzi anayekariri kanuni ndani ya daladala iliyokwama foleni, hao wanaishi katika vyumba vidogo ambavyo hakuna aliyewapangisha. Sisemi kwamba kila dakika lazima izae kitu. Bibi alijua kulala mchana, na alijua kukaa kimya akitazama bahari. Ninachosema ni kwamba maskini, kabla hajawa na shamba au akiba, ana hicho kipande cha wakati ambacho ni chake, na kukitumia kwa hiari yake ni mwanzo wa kuwa na kitu.

Nimesema kipande, na neno hilo pwani ya Tanga lina historia chungu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Amerika. Mingi ilikufa njiani. Iliyosalimika, 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani, si mbali na alipokuja kuzaliwa bibi. Kutokana na hiyo 62 ulikuja msitu wa mkonge uliofunika nchi kutoka Tanga hadi Morogoro. Mashamba yakataka watu, na watu wakaletwa kutoka mbali kwa mikataba, wakiitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba. Kila mmoja alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Akimaliza kazi yake ya siku, anatiwa alama. Akiugua, au asipofikisha mafungu ya majani aliyopangiwa, siku hiyo haihesabiwi. Alama zikitimia 30 ndipo ujira unapotoka.

Je, hiyo nayo si haba na haba? Siku juu ya siku, alama juu ya alama, mpaka kadi ijae. Ukiichukua methali kama tulivyoiandika shuleni, manamba alikuwa mwanafunzi wake bora. Tofauti yake na bibi haikuwa bidii. Manamba pengine alitoka jasho zaidi. Tofauti ni kwamba kadi iliandikwa na mwingine, siku ikahesabiwa na mwingine, na bei ya singa, zile nyuzi za mkonge zilizotoka kwenye korona, mashine ya kuchambulia majani, ikapangwa na watu ambao hawakuwahi kuchomwa na mwiba wa mkonge. Ule mwanya ambao bibi alisukia ukili, kwenye kadi ya manamba haukuwemo.

Na hapa hadithi ya mtu mmoja inageuka hadithi ya nchi. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Sehemu kubwa iliuzwa Ulaya na Amerika, ikawa kamba za mashine za kufunga majani makavu ya ng'ombe. Kisha zikaja nyuzi za polipropilini, zinazotokana na mafuta ya petroli, nazo zikawa rahisi zaidi. Bei ya mkonge ikaporomoka. Mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na makosa yetu wenyewe ya uendeshaji yakaongezeka juu ya bei mbaya, sitaki kuyaficha. Mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili kwa mfano wa trekta: trekta lile lile, kila miaka inavyopita, linadai tani nyingi zaidi za mkonge. Mkulima hajapunguza bidii, jani halijapungua urefu, lakini kibaba kimekuwa kikubwa zaidi usiku watu wakiwa wamelala.

Kahawa imeyapitia hayo hayo. Bei ya arabika hutazamwa New York, ya robusta hutazamwa London. Kwa miaka mingi mkataba wa kimataifa wa kahawa uliweka mgawo wa kuuza ili bei isianguke, lakini Julai 1989 migawo hiyo ilivunjika na bei ikashuka hadi karibu nusu. Mzee wa Rombo aliyekuwa akipogoa mibuni yake asubuhi ile hakuwa amefanya kosa lolote. Pamba nayo: mwaka 2003, kwenye mkutano wa Shirika la Biashara Duniani huko Cancún, nchi nne za Afrika, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilisimama kulalamika kwamba Marekani inawalipa ruzuku wakulima wake, pamba inajaa sokoni, na bei ya mkulima asiye na ruzuku inazama. Mkulima wa Shinyanga hakuwa mezani, ila pamba yake inauzwa kwa bei ya soko lile lile.

Tena pamba hiyo inarudi. Inaondoka marobota, inarudi mitumba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vipate pumzi. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru ya AGOA, mpango wake kwa bidhaa za Afrika zinazouzwa kwake. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Simlaumu mama anayelea watoto kwa kuuza mitumba, naye anajaza kibaba chake. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba nchi maskini inapojaribu, si kususa biashara, bali kushika ukingo wa kipimo tu, mkono wake hupigwa.

Ni rahisi kuishia hapo, tukawalaumu wa mbali. Lakini shika njia uende kwenye mashamba ya viazi na vitunguu ukaulize habari za lumbesa. Gunia linajaa, linapachikwa kilemba juu, linafungwa kwa kamba ya wavu mpaka linafanana na mtu aliyebeba mtu, na bado linaitwa gunia moja. Sheria inaikataza, Wakala wa Vipimo wanaikamata, na bado malori yanapita nayo. Au nenda Kagera usikie butura: ada ya shule imefika, kahawa bado mbichi mtini, mwenye fedha anainunua hapo hapo kwa bei ya shida. Hao wanunuzi ni ndugu zetu na tunakutana nao misibani. Aliyejifunza kunyang'anywa kwa kipimo hujifunza pia kunyang'anya kwacho, na hili linaniumiza kuliko bei za New York.

Wahenga walikuwa na methali nyingine ambayo shuleni hatukuiweka kando ya hii: bandu bandu huisha gogo. Kidogo kidogo hujaza, na kidogo kidogo humaliza. Udogo wenyewe hauna upande. Senti chache kwenye kilo, kilemba juu ya gunia, makato yasiyoelezwa kwenye stakabadhi, hizo nazo ni haba, na zinajaza kibaba cha mtu fulani. Mtu akimwambia mkulima wa mkonge au wa kahawa kwamba umaskini wake ni uvivu, amehesabu haba zilizoingia tu, za bandu bandu amezisahau.

Basi je, tuitupe methali? Hapana. Nikiwatazama wakulima wa Kilimanjaro waliounda umoja wao wa kwanza mwaka 1925, na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, naona haba na haba ya aina nyingine kabisa. Walikutana baada ya kazi za kihamba, shamba la nyumbani, katika ile mianya ya jioni, wakakusanya kahawa ndogo ndogo za watu wengi ili ziuzwe kwa sauti moja. Waliutumia wasaa wao kukifikia chombo chenyewe, waone kimo chake. Baadaye ushirika sehemu nyingi uliingiwa na wezi, na wakulima wengi wana vidonda vya makato mpaka leo. Lakini kazi ile ya kwanza, ya kutaka kujua kahawa yetu imepimwaje na imeuzwa kwa nani, naiona ndiyo matumizi bora kabisa ya dakika za mtu maskini. Kijana anayetumia nusu saa ya simu yake kuangalia bei ya mnada wa korosho kabla baba yake hajauza kwa wachuuzi wa kangomba, wale wanaonunua kwa kificho nje ya mnada, anasuka ukili, hata kama mikono yake haionekani ikisuka.

Bibi naye alilijua hili. Ukili aliuuza kwa pima, na pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole. Mnunuzi mmoja kutoka mjini alikuwa akija na kijana mrefu kama mnazi. Kijana ananyoosha mikono, anahesabu pima moja, mbili, tatu, na ukili wa miezi miwili unakwisha kabla bibi hajamaliza kumeza mate. Hakugombana. Barabarani, malori ya mkonge yalipopita, singa zilikuwa zikidondoka. Aliziokota, akawa anazisokota pajani jioni kwa jioni akitusimulia hadithi, mpaka akapata kamba ndefu. Akaipiga fundo kila pima moja ya mikono yake mwenyewe.

Mnunuzi alipokuja tena na kijana akanyoosha mikono, bibi alimwambia, “Shusha, mjukuu wangu. Tutapima kwa hii.” Yule bwana alicheka, kisha akakasirika, kisha akaondoka bila kununua. Kwa wiki kadhaa nyumba ilikuwa na ukili mwingi na sukari kidogo. Aliporudi, alikwenda kwanza kwa jirani, akakuta kamba yenye mafundo. Akaenda nyumba ya tatu, akaikuta na huko.

Siku hizi mikeka ya plastiki imejaa, na wasukaji wamebaki wachache. Kamba ya bibi ipo kwa mama mdogo, imetundikwa nyuma ya mlango ule ule, imekuwa nyeusi kwa moshi. Siku ya kuuza, bado wapo wanaokuja kuiazima.