Lenzi Ndefu ya Kariakoo

Kijana mmoja wa Temeke aliuza vifaa vya simu siku za kazi, na Jumamosi akapiga picha za ubarikio, sendofu na harusi. Kamera yake ilikuwa Canon ya mtumba yenye lenzi ya kawaida ya 18-55mm. Picha za nje zilipendwa na kila mtu, lakini za ukumbini zilitoka na chengachenga, akaamua kutafuta lenzi nyingine.

Kule Kariakoo muuzaji alimwekea mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa 50mm f/1.8, fupi, ya plastiki, nyepesi mkononi. Ya pili ilikuwa 420-800mm, ndefu na nene, imeandikwa f/8.3-16. Bei zilikaribiana. "Kaka, ukiingia ukumbini na hii, hata MC anakupisha," muuzaji akasema. Kijana akalipia ile ndefu.

Alipoifunga kwenye kamera, skrini iliandika F00. Alidhani kamera imeharibika, kumbe lenzi ile haina kabisa njia ya kuwasiliana na kamera. Haina mota ya fokasi, na tundu lake la mwanga huwezi kuliongeza wala kulipunguza utakavyo. Kubwa zaidi, namba ya f inavyopanda ndivyo mwanga unavyopungua: ukitoka f/1.8 kwenda f/8.3, unaoingia ni takriban sehemu moja kati ya 21. Pale ambapo 50mm ingenasa picha kwa 1/60 ya sekunde, ile ndefu ilihitaji kama theluthi nzima ya sekunde. Na lenzi ya 420mm ukiishika kwa mkono, chini ya 1/500 hivi picha hutikisika.

Siku ya harusi alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia, na bado kila fremu ilimeza uso na mabega tu. Keki ilikatwa, akawa anazungusha pete ya fokasi. Picha zilipopelekwa, shangazi wa bibi harusi alizitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona sote tumekuwa vivuli?" Swali hilo linauma, kwa sababu keki ya harusi haikatwi tena Jumapili ili mpiga picha ajisahihishe.

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Watu walimwambia rahisi ghali, naye akaamini kwamba kila cha bei nafuu ni takataka. Akakopa, akanunua 24-70mm f/2.8, lenzi ya hadhi ya juu kweli. Marejesho yalikuwa ya kila wiki. Kazi za harusi hazina utaratibu huo: Kwaresma hupungua, Ramadhani hupungua, na mkopo haufungi. Aliiuza kwa hasara ili amalize deni.

Mtu anayeanza angepaswa kuuliza swali moja tu dukani: wamepunguza nini mpaka bei ikafika hapa? Ile ndefu ilipunguziwa mwanga, mota na mawasiliano. Ile 50mm ya Canon ilipunguziwa zumu na chuma. Ndani ina vioo sita tu, na mpangilio wake unatokana na lenzi ya Planar aliyoibuni Paul Rudolph wa Zeiss mwaka 1896. Toleo la 1990 lilifanywa la plastiki hadi kwenye kiungio cha kamera. La 2015 likarudishiwa kiungio cha chuma. Mwanga haukuguswa. Ndiyo maana naitetea kwa moyo wote mbele ya mtu yeyote mwenye fedha kidogo na hamu kubwa ya kujifunza.

Ina masharti yake, lakini. Kwenye kamera nyingi za bei ya chini inaona kama lenzi ya 80mm, hivyo sebuleni utagota ukutani. Ile 18-55mm usiiuze. Ukiiacha f/1.8 na kusimama mita mbili, kina cha picha kinachotoka safi ni kama sentimita 10. Wazee wakijipanga mistari miwili, wa mbele watatoka safi na wa nyuma watafifia. Kwa picha ya pamoja sogea nyuma, funga mpaka f/5.6 au f/8, uwashe flashi.

Ukinunua ya mtumba katika mji wa pwani, hofu kubwa ni kuvu, maana hewa ya unyevu huiotesha kwenye vioo na ikikaa hula tabaka la kinga la vioo hivyo. Kijana wetu alirudi Kariakoo akiwa na somo hilo. Aliomba 50mm, akamulika ndani kwa tochi ya simu kutoka upande wa nyuma, akaona nyuzi nyeupe ukingoni. Akairudisha. Akaletewa nyingine, akaimulika pande zote mbili, akaifunga kwenye kamera yake na kujaribu fokasi palepale dukani. Ilikuwa safi. Akalipa taslimu, akaomba na vipakiti vya kufyonza unyevu vya kuwekea kwenye boksi lake.